Silaha ya Kiunoni

Jirani yangu wa Tanga alitaka bastola ya kutembea nayo kila siku, tena ya magnum, risasi iliyotokea Marekani mwaka 1935. Nilimwambia itamlemea kiunoni, na risasi ikipenya ukuta itamkuta asiyehusika.

Tukaangukia habari za Pangani. Huko Abushiri bin Salim alinyongwa na Wajerumani Desemba 1889. Julai 1890 mataifa yalitia saini mkataba wa Brussels: bunduki za kisasa zisiingie sehemu kubwa ya Afrika ila kwa idhini ya serikali, magobori yaruhusiwe kuuzwa. Sababu waliyotoa ni kukomesha biashara ya watumwa, na watumwa kweli walikuwapo. Lakini mwenyeji alibaki na gobori, mtawala na bunduki ya kisasa.

“Basi wao ndio walionichagulia babu yangu silaha,” akasema jirani.

Bastola hakununua. Amefuga mbwa.