Kamba, hewa, kina: wazamiaji waliojifunza kuhesabu wafu wao

Leo nawaletea historia ya mbali kidogo, ya watu wanaozamia ndani ya mapango yaliyojaa maji. Mi mwenyewe hata kuogelea sijui vizuri. Lakini nilipoisoma nilikumbuka shantie moja nilikofanya staji, na mwishoni mtaelewa sababu.

Kaskazini mwa Florida, Marekani, ardhi ni ya mawe ya chokaa, na maji yamechimba humo mapango marefu. Chemchemi zake ni safi kama kioo, zinamvuta mtu aingie. Miaka ya 1960 vijana waliingia wakiwa na vifaa vichache na mafunzo kidogo, na wengi hawakutoka. Ndani ya pango huwezi kupanda juu moja kwa moja, maana juu yako kuna mwamba. Ukigusa matope laini ya chini, maji yanachafuka mara moja, hata mkono wako hauuoni.

Na waliokufa hawakuwa wanafunzi tu. Kulikuwemo waalimu wenye cheti cha kufundisha kuzamia. Cheti chao kilikuwa cha kweli, ila kilikuwa cha maji ya wazi, hakikuwa cha pango. Watu wakaanza kudai chemchemi zifungwe. Kwa hiyo mwaka 1968 wazamiaji wenyewe wakaunda chama, NACD, ili kufundisha na kupima watu kwa kazi hiyo hasa.

Kati yao alikuwa Sheck Exley, mwalimu wa hesabu katika shule ya sekondari, aliyeanza kuzamia mapangoni miaka ya 1960. Njo yeye alifanya kazi ambayo hakuna anayeipenda: kukusanya habari za vifo, kimoja kimoja, na kuuliza kila mara ni hatua gani ilikosekana. Mwaka 1979 alitoa kijitabu kiitwacho Basic Cave Diving: A Blueprint for Survival. Ni kanuni 10, na kila kanuni inaelezwa kwa habari ya ajali iliyoua watu.

Sababu 3 zilijirudia kuliko zote. Ya kwanza, kukosa kamba inayofika bila kukatika hadi nje. Ya pili, hewa: theluthi moja ni ya kuingia, theluthi mbili zinabaki kwa kutoka na kwa shida yoyote, hata ya mwenzako akiishiwa. Ya tatu, kwenda chini mno. Kwenye mita 40 mgandamizo ni mara 5 ya ule wa juu, basi hewa ya mtungi inaisha mara 5 haraka zaidi, na naitrojeni inamlewesha mtu kama pombe. Miaka ya 1980 wenzake waliendelea kuchunguza, wakaongeza mbili: mafunzo ya pango lenyewe, na taa. Leo kawaida ni taa 3 kwa kila mtu.

Sasa angalieni vizuri kanuni hizi. Hakuna hata moja inayosema “uwe mwangalifu”. Neno hilo halimfungi mtu yeyote. Lakini kamba ama ilikuwepo, ama haikuwepo. Hewa inasomwa kwenye kipimo. Taa zinahesabika. Mtu akifa, unaweza kuuliza: alivunja kanuni gani? Nani alimfundisha? Alimfundisha hiyo kanuni, ama aliiruka? Kwangu, uwajibikaji unaanzia hapo: kanuni lazima iwe kitu ambacho mtu mwingine anaweza kukihakikisha.

Haimaanishi mambo yalinyooka. Miaka ya 1990 ulienea uzamiaji wa kiufundi, wa kwenda chini sana kwa hewa za kuchanganywa. Mashirika mengi ya mafunzo yakazaliwa, na mara nyingi shirika linalouza cheti njo hilo hilo linamhukumu mwalimu wake. Hapo kanuni nzuri kwenye karatasi haitoshi. Inategemea kama shirika liko na moyo wa kumnyang'anya cheti mwalimu anayeliletea pesa.

Exley mwenyewe alikufa tarehe 6 Aprili 1994, siku ambayo sisi wa mashariki tunaikumbuka kwa msiba mwingine, ulioanza jioni yake Kigali. Alikuwa katika shimo la Zacatón, Mexico, zaidi ya mita 260 chini ya maji. Mwenzake Jim Bowden alizamia siku hiyo hiyo, akarudi hai. Siku chache baadaye walipovuta kamba, mwili ukaja nayo, na vipimo vyake vikasomwa kama vya wafu wote aliowahesabu yeye. Ukubwa wa jina haukumwondoa kwenye orodha.

Sasa shantie yangu. Fundi mmoja alianguka kutoka kwenye jukwaa la miti, akafa. Tulichanga pesa, tukazika, na mkubwa wa kazi akasema ni mapenzi ya Mungu. Kesho yake tulipanda jukwaa lile lile. Hakuna aliyeandika ni mti gani ulivunjika, nani aliufunga, nani aliukagua. Na mi nilikuwa pale, na daftari ya staji mkononi. Niliandika kiasi cha simenti.

Mungu simpingi. Lakini kumbe watu wa mapango walikuwa na msiba kama wetu, tena bila serikali kuwasukuma, wakaamua kuandika. Sisi wenye diploma tunajua kuandika. Anayekufa kazini anastahili mazishi, na anastahili pia ukurasa mmoja wa kweli, ili anayepanda kesho apande kwenye mti mwingine.

Nangojea maoni yenu.