APOLO KIVEBULAYA, MWALIMU ALIYERUDI BOGA

Kamati ya Jamii imependa toleo hili la kumbukumbu liwe na ukurasa wa historia, nami nikaombwa niuandike. Mada niliyopewa ni kueneza Injili na kuishi imani. Wahubiri kambini tunao wengi, na wanajua kuhubiri kuliko mimi. Mimi ni mwalimu wa shule. Kwa hiyo nitafanya kazi ya mwalimu, yaani kusimulia maisha ya mtu mmoja, halafu tuone yanatufundisha nini.

Mtu huyo ni Apolo Kivebulaya. Nimemchagua kwa sababu njia yake na yetu ni moja. Wengi kati yetu tuliotoka Ituri tulivuka bonde la Semliki tukikimbilia Uganda. Yeye, zaidi ya miaka mia moja iliyopita, alivuka bonde hilohilo akitokea Uganda kwenda kwetu. Sisi tulivuka kutafuta usalama, naye aliuacha usalama nyuma yake.

ASKARI ANAYEGEUKA KUWA MWALIMU

Apolo alizaliwa Buganda mnamo mwaka 1864. Alikuwa pacha, na jina lake la utoto lilikuwa Waswa. Katika ujana wake alikaa kwa muda upande wa Uislamu, kisha akasikia mafundisho ya Alexander Mackay, mmisionari kutoka Uskoti. Hiyo ilikuwa miaka ya vita vya dini Buganda, wakati Waislamu, Waprotestanti na Wakatoliki walipogombania ikulu ya Kabaka kwa bunduki. Waswa naye alishika silaha. Tukumbuke jambo hili: mtu tunayemsimulia hakukulia mahali pa amani. Aliona kwa macho yake jinsi jina la Mungu linavyoweza kufanywa bendera ya vita.

Alibatizwa mwezi wa Januari 1895, akaitwa Apolo. Jina la Kivebulaya, maana yake kitu kilichotoka Ulaya, alipewa na watu. Inasemwa kwamba alikuwa akivaa koti la askari juu ya kanzu yake. Mwaka huohuo wa ubatizo alijitoa kuwa mwalimu wa Kanisa, akatumwa Toro, chini ya milima ya Ruwenzori.

Hapa yafaa tulieleze neno mwalimu. Siku hizo kuwa Mkristo Uganda kulikwenda pamoja na kusoma, hata waumini wakaitwa wasomaji. Aliyetaka kubatizwa alipaswa kwanza kujifunza herufi na kusoma Injili yeye mwenyewe. Kibanda cha nyasi kilichokuwa kanisa siku ya Jumapili kilikuwa shule siku nyingine. Walimu walitumwa na Kanisa la Uganda lenyewe, Waafrika wakiwatuma Waafrika, na posho yao ilikuwa ndogo sana. Chakula na nyumba vilitegemea ukarimu wa chifu wa mahali. Chifu akikasirika, mwalimu alilala njaa.

BOGA YA TABARO

Boga iko upande wa magharibi wa Semliki, juu ya miinuko inayoelekea msitu wa Ituri. Chifu wake aliitwa Tabaro. Kabla ya Apolo walikwishafika huko walimu wawili Waganda, lakini hawakuelewana na Tabaro. Chifu aliwanyima chakula, wakarudi walikotoka. Apolo alipokwenda, mwishoni mwa mwaka 1896, alijua anakwenda mahali walipofukuzwa wenzake kwa njaa.

Tusimhukumu Tabaro upesi. Mtazameni kama angekuwa mzee wa kijiji chenu. Wageni wanaingia kutoka nchi yenye nguvu, nyuma yao kuna ngome za Waingereza, na mbele yao kuna kitabu. Wanawaambia watu waache pombe, waache mizimu, na mwanamume awe na mke mmoja. Chifu mwenye wake wengi, anayeheshimiwa kwa sababu ya mizimu ya ukoo wake, angepokeaje maneno hayo? Tabaro aliona enzi yake inachimbwa chini. Na kusema kweli hakukosea kabisa, maana katika miaka hiyo dini mpya na utawala mpya viliingia kwa mlango mmoja.

Hata hivyo Apolo alikaa. Alianza kuwafundisha wachache waliokubali kusoma, na wasomaji wakaongezeka polepole.

KESI NA GEREZA

Kisha likatokea jambo zito. Watu walikuwa wakileta vifaa vya kujengea, na dada yake Tabaro alikuwa miongoni mwao. Akaangukia mkuki uliokuwa majanini, akafa. Tabaro alimshitaki Apolo kwamba ndiye aliyemuua. Apolo alikamatwa, akavushwa Semliki na kupelekwa Toro mbele ya ofisa wa Kiingereza, akawekwa gerezani. Hiyo ilikuwa mwaka 1898.

Kuhusu siku hizo Apolo mwenyewe alisimulia kwamba alimwona Yesu akimng'aria kama jua, akimtia moyo kwamba yuko pamoja naye. Asiyekuwa wa imani hii anaweza kulipokea simulizi hilo apendavyo. Mwanahistoria anaangalia lililofuata. Kesi ilisikilizwa, ushahidi wa kumtia hatiani haukupatikana, naye akaachiliwa huru.

Ndugu zangu, tujiulize: mtu akisingiziwa mauaji, akafungwa, kisha akaachiliwa, huenda wapi? Apolo angeweza kubaki Toro, ambako kulikuwa na kanisa kubwa, marafiki na chakula. Hakuna ambaye angemlaumu. Angeweza pia kuomba ulinzi wa askari na kurudi kwa Tabaro akiwa mshindi. Yeye alirudi Boga kama alivyokwenda mara ya kwanza, na kazi yake ileile ya kufundisha.

Kurudi huko ndiko kulikomshinda Tabaro. Mahubiri alikwishayasikia tangu mwanzo nayo hayakumgeuza. Alipomwona mtu aliyemtia gerezani anarudi bila kisasi, chifu alianza kusikiliza. Baadaye alibatizwa akaitwa Paulo. Tazameni jina lenyewe: ni la yule mtesaji wa Wakristo katika Biblia aliyegeuka kuwa mtume.

MPAKA NA MSITU

Apolo alifanywa shemasi mwaka 1900, na kasisi mwaka 1903. Miaka kadhaa alitumika tena Toro. Wakati huo Wazungu walikuwa wakipima ardhi, na mwaka 1910 Waingereza, Wabelgiji na Wajerumani walipatana juu ya mipaka ya eneo hili. Boga ikawa ndani ya Kongo ya Wabelgiji, na Toro ikabaki Uganda. Watu waliokuwa wakioana, kuuziana ng'ombe na kusali pamoja waliambiwa kwamba sasa ni wa nchi mbili. Apolo alirudi kuishi Boga kuanzia mwaka 1915 hivi. Hivyo mwalimu huyu alimalizia maisha yake katika nchi iliyokuwa ya kigeni kwake.

Mwaka 1921, akiwa na umri wa miaka kama 57, alieleza kwamba aliagizwa aende msituni. Humo waliishi Wambuti, watu wafupi wa msitu wa Ituri, wawindaji na warina asali. Walibadilishana nyama na asali kwa ndizi na vyuma vya wakulima wa vijijini, lakini wengi wa wakulima hao waliwaona kuwa watu wa chini. Apolo aliwaendea mahali walipo. Alijifunza lugha yao, akaitafsiri Injili ya Marko kwa ajili yao. Fikirini mzee wa umri ule akikaa chini kuuliza jina la kila kitu kama mtoto wa darasa la kwanza. Anayejifunza lugha yako amekiri kwamba una jambo la kumfundisha.

Mwaka 1922 alipewa cheo cha kanoni wa Kanisa Kuu la Namirembe, Kampala. Hakuhamia huko, wala hakuoa. Alifariki Boga tarehe 30 Mei 1933. Alikuwa ameagiza azikwe kichwa kikielekea magharibi upande wa msitu, si mashariki kama ilivyokuwa desturi, kwa maana kazi ilikuwa haijaisha upande ule. Kutokana na mbegu ya Boga lilikua Kanisa la Anglikana la Kongo. Dayosisi ya Boga-Zaire iliundwa mwaka 1972, na mwaka 1992 Zaire ikawa na jimbo lake la Kianglikana.

YANAYOTUHUSU SISI

Kwanza, kukaa na watu. Apolo hakupita Boga akihubiri na kuondoka. Majirani zake walimwona akiwa na njaa, akisingiziwa na akizeeka, wakapata nafasi ya kupima maneno yake kwa maisha yake. Kambini tunaishi turubai kwa turubai, na ukuta wa udongo hausitiri sauti. Jirani anajua kama uliyehubiri jana jioni umempiga mkeo usiku, au kama umeruka foleni ya maji asubuhi. Hayo ndiyo mahubiri anayoyasikia kila siku.

Pili, kutotumia chakula kama chambo. Apolo hakuwa na unga wa kugawa wala kadi ya kuandikisha. Waliomfuata walifuata neno. Hapa kwetu posho hutolewa kwa kuangalia mahitaji, na mgawaji haulizi mtu anasali wapi. Ni utaratibu mzuri, nasi waumini tuulinde. Kanisa likiwaambia wajane kwamba watakaojiunga nalo ndio watakaopata nguo, hiyo ni biashara. Ndugu zetu Waislamu wanaotuona tukifanya hivyo wana haki ya kutucheka. Tushirikiane tulicho nacho na aliye na haja, halafu anayetaka kuuliza habari za imani yetu aulize mwenyewe.

Tatu ni msamaha, na hapa naomba mnisome kwa makini, kwa sababu ndipo penye kidonda. Miongoni mwetu wapo waliochomewa nyumba na watu wanaowafahamu kwa majina. Pengine mtoto wa aliyechoma na mtoto wa aliyechomewa wanakaa dawati moja. Wapo wahubiri wanaosema samehe na usahau, kana kwamba kutaja kosa ni dhambi. Historia ya Apolo haisemi hivyo. Kesi yake ilisikilizwa mahali pa sheria, na ukweli ukajulikana kwamba hakuua. Msamaha ulikuja juu ya ukweli, haukuuziba mdomo. Kwa hiyo mwenye ushuhuda wa mauaji na atoe ushuhuda wake panapostahili, na hakimu afanye kazi yake. Lakini hukumu ikiisha kutolewa, au hata ikichelewa, tusiwarithishe watoto kisasi. Tabaro hakubadilishwa na gereza. Alibadilishwa na mtu aliyerudi.

Nne, sisi walimu. Mwalimu wa siku zile na mwalimu wa leo wanakutana katika jambo moja: mtoto aliyejua kusoma hawezi tena kushikwa mkono na kila mwenye maneno. Apolo hakuwaambia watu wamwamini tu, aliwapa kitabu wasome wenyewe. Tunapofundisha darasa la watoto tisini kwa ubao mmoja, tusidharau kazi yetu.

Boga yenyewe haijapata amani ambayo mzee huyo aliitamani. Usiku wa kuamkia tarehe 31 Mei 2021, yaani jioni ileile ya siku ya kumbukumbu ya kifo chake, watu wenye silaha walivamia Boga na Tchabi, na zaidi ya watu 50 waliuawa. Wengine walikimbilia misituni na vijiji vya jirani. Wapo wanaouliza kama kazi ya Apolo basi ilikuwa bure. Mimi nasema kazi ya mwalimu haipimwi kwa usiku mmoja wa wauaji. Inapimwa kwa wale waliofungua milango asubuhi yake wakawapokea waliokimbia bila kuwauliza kabila.

Siku moja tutarudi nyumbani, sisi au watoto wetu. Wapo watakaorudi na bunduki mioyoni hata kama mikono ni mitupu. Naomba kambi hii iwaandae watu wa namna nyingine, wanaoujua ukweli wa yaliyotokea, wanaojua kusoma na kulima, na wanaoweza kumsalimu tena aliyewashitaki. Wakristo tumwombe Mungu atusaidie, na wasio Wakristo watusaidie kwa kutukumbusha tukisahau.

Mungu awabariki nyote.

Ni mimi mwalimu wenu.