Roketi za Luvua: wakati jimbo letu lilipotaka kufika angani

Maji ya Lualaba yanayopita hapa Kabalo, sehemu moja inatoka mto Luvua, unaoingia kule Ankoro. Vijana wengi hawajui kwamba juu ya mto huo, kusini-mashariki ya Manono, roketi zilirushwa kuelekea angani.

Ilikuwa ni kampuni ya Ujerumani, OTRAG, ya enjinia Lutz Kayser. Katikati ya miaka ya 1970, Raisi Mobutu aliikodishia eneo la karibu kilometa mraba 100.000, mpaka mwaka 2000. Kambi ilijengwa Kapani Tonneo, pamoja na uwanja wa ndege.

Mpango wa Kayser ulikuwa rahisi: kufunga mabomba mengi ya namna moja, kama mzigo wa kuni. Kila bomba na mafuta yake aina ya mazutu pamoja na asidi ya nitriki, hewa iliyobanwa ikiyasukuma. Kwa kufungulia mafuta, walitumia motere ndogo za vifuta-maji vya kioo cha gari. Walitaka kubeba satelaiti kwa bei ndogo.

Roketi ya kwanza iliruka tarehe 17 mwezi wa 5 mwaka 1977. Ya pili, tarehe 20 mwezi wa 5 mwaka 1978, siku zilezile vita vilikuwa vinawaka Kolwezi. Ya tatu, tarehe 5 mwezi wa 6, Mobutu mwenyewe akitazama, ilipoteza njia na kuanguka.

Lakini siasa ndiyo iliyoimaliza. Msimamizi mmoja mkubwa wa kampuni, Kurt Debus, alikuwa amefanya kazi kwenye roketi za vita za Hitler. Umoja wa Kisovieti, ambao chombo chake Soyuz kilibeba watu angani tangu 1967 na kingali kinabeba mpaka leo, ulilalamika kwamba haya ni makombora ya vita. Nchi jirani nazo ziliogopa. Mwaka 1979 Zaire ilivunja mkataba, na kampuni ikahamia Libia.

Hakuna satelaiti hata moja iliyotoka Luvua. Na ardhi kubwa vile ilitolewa kwa saini ya Kinshasa. Leo, tukisikia habari za litiamu ya Manono, wakaaji wana haki ya kuuliza: mkataba unasema nini, na nani alituuliza mbele ya kuusaini?