Picha Zilizoachwa Studio

Picha zinazobaki kwenye maboksi ya studio za zamani mara nyingi hazikuachwa kwa sababu ya kasoro. Mteja alilipa kianzio, akasafiri, asirudi. Dodoma imezoea wasafiri tangu reli ya kati ilipofika mwaka 1910, na uamuzi wa 1973 wa kuhamishia hapa makao makuu ya serikali uliongeza watumishi wa kuja na kuondoka.

Picha ya rangi nyeusi na nyeupe husafishwa kwenye chumba cha giza. Karatasi yenye chembe za fedha hupita kwenye dawa ya kutoa sura, kisha ya kuidumisha, halafu husuuzwa kwa maji mengi. Kusuuza ndiko kugumu katika uwanda huu mkame wa Dodoma, ambao mvua zake huanguka karibu zote kati ya Desemba na Aprili. Dawa ikibaki, madoa ya manjano au kahawia hujitokeza miaka mingi baadaye. Hata hivyo, ukavu huohuo huzuia ukungu unaoharibu picha za Tanga na Unguja. Picha za rangi hufifia zenyewe, nyingine zikabaki nyekundunyekundu.

Mpiga picha anayepekua boksi kama hilo husoma miaka kwenye mavazi: suruali za bugaluu na viatu vya raizoni mara nyingi ni vya miaka ya 1970. Nyuma ya picha huenda pakawa na muhuri wa studio na tarehe. Jina la aliyepigwa ni nadra kuandikwa. Lilikuwa kwenye stakabadhi, na stakabadhi aliondoka nayo mteja.