Picha Zaondoka, Ukumbusho Ubaki Wapi?

Mchoraji anayetayarisha kazi mpya kwa ajili ya maonyesho makubwa anayo maswali matatu mbele yake. La kwanza: nichore nini? La pili: namchorea nani? La tatu: picha hii, ikiisha kutazamwa na kununuliwa, itakaa wapi? Lile la kwanza humnyima usingizi. La pili humjia anapokumbuka kodi ya nyumba na karo ya watoto. La tatu ni wachache wanaolifikiri. Lakini tukitazama historia ya wachoraji wa Katanga yetu, twaona ya kuwa swali hilo la tatu ndilo zito kuliko yote.

Sisi tunaokaa Panda, katika mji wa Likasi, tunazo sababu za kulifikiri. Mji wetu ni mji wa kazi. Katika miaka ya 1920 Union Minière ilijenga hapa Panda mitambo yake ya madini, na mwaka 1929 kiwanda cha shaba cha Shituru kikaanza. Mji wenyewe uliitwa Jadotville tangu 1931 mpaka 1966. Watu waliletwa kutoka pande nyingi, wakapewa nyumba kambini, wakajifunza kukaa pamoja na kusemezana kwa Kiswahili. Mgeni akipita huona mabomba ya moshi na udongo mwekundu. Hafikiri ya kuwa kuta za nyumba za kambi kama hizi ziliwahi kuwa mahali pa picha nyingi. Nasi tueleze zilitoka wapi, na zilikwenda wapi.

Lubaki wa Bukama

Njia ya reli ipitayo mji wetu ilifika Bukama, penye mto Lualaba, mwaka 1918. Ni katika nchi hiyo ya Bukama ambapo mtumishi mmoja wa serikali ya Kibelgiji, Georges Thiry, aliona mwaka 1926 nyumba za udongo zilizochorwa kutani. Akamtafuta mchoraji. Alikuwa Albert Lubaki, fundi wa kuchonga pembe za ndovu. Thiry akampa karatasi na rangi za maji, naye Lubaki akachora wanyama, miti, watu, gari la moshi, mambo ya hadithi na mambo aliyoyaona kwa macho. Mkewe, Antoinette Lubaki, alichora pia.

Angalieni badiliko lililotokea hapo. Picha iliyochorwa kutani haiondoki. Mvua ikiifuta, mwenye nyumba huichora upya, na watoto wake hutazama. Lakini karatasi huviringishwa, hutiwa sandukuni, huvuka bahari. Mwaka 1929 picha hizo zilionyeshwa Brussels, mwaka 1930 Geneva, mwaka 1931 Paris. Watu wa Ulaya walisifu. Kisha, katika miaka ya 1930 hiyo hiyo, fahari ile ikapita, na waliomsifu Lubaki wakapoteza habari zake. Karatasi zikatunzwa, mtu akasahauliwa. Imepita miaka kama themanini, ndipo picha za Lubaki na mkewe zikaonekana tena katika maonyesho makubwa ya Paris yaliyofunguliwa mwaka 2015. Na mwaka 2022 jina la Antoinette likawekwa katika maonyesho ya Venice, huko Italia. Tunafurahi. Lakini ni watoto wangapi wa Bukama waliopata kuziona?

Hangar ya Élisabethville

Baada ya vita vya pili vya dunia jambo jingine likaanza Élisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo. Mwaka 1946 Mfaransa mmoja, Pierre Romain-Desfossés, alifungua mahali pa kuchorea palipojulikana kwa jina la Hangar. Desturi yake ilikuwa ya namna ya pekee: hakuwawekea vijana picha za Ulaya ili waziige. Aliwapa rangi, akawaambia kila mmoja atafute njia yake mwenyewe.

Nao wakaipata. Pilipili Mulongoy alichora samaki, ndege na nyoka, akijaza nafasi yote kwa nukta ndogo ndogo na majani. Mwenze Kibwanga alichora kwa mistari mifupi iliyopangwa sawasawa, hata mwili wa mtu au mnyama ukaonekana kama umefumwa. Bela, aliyetoka nchi ya Chad, aliacha burashi, akatumia ncha za vidole. Mtu aliyezizoea hana haja ya kusoma jina chini ya picha. Mkono wa kila mmoja wajulikana mara.

Mwaka 1951 Laurent Moonens, Mbelgiji, akafungua chuo cha sanaa katika mji huo huo. Romain-Desfossés alikufa mwaka 1954, na wachoraji wake wakaingia upande wa chuo. Picha zao zilikwenda kuonyeshwa katika miji mikubwa ya Ulaya na Marekani, zikanunuliwa. Hata hivyo, mfanyakazi wa kawaida wa Panda hakutundika picha ya Pilipili nyumbani kwake. Hizo zilikuwa za wageni na za wenye fedha. Picha za kambini zilikuja kwa njia nyingine.

Picha za mfuko wa unga

Union Minière ilitwaliwa na serikali, na tangu mwaka 1967 kazi yake ikaendelea katika shirika tunaloliita Gécamines. Wafanyakazi walipata mshahara kila mwezi, na nyumba yenye chumba cha kupokea wageni. Chumba hicho kilitaka viti, kitambaa cha meza, redio, na picha ukutani. Basi vijana wenye mkono wa kuchora wakaona kazi. Katika miaka ya 1970 walikuwako Lubumbashi, Likasi, Kolwezi na Kipushi.

Matayarisho yao yalikuwa haya. Mchoraji alinunua mfuko wa unga uliokwisha kazi, akaufua, akaukata, akaukaza juu ya vipande vinne vya mbao. Akaupaka rangi nyeupe kwanza ili matundu ya nyuzi yazibe. Ulipokauka alichora kwa kalamu, kisha akatia rangi, mara nyingi zile zile zinazopakwa nyumba na milango. Ikiisha kukauka alizichukua kazi zake kwapani, akapita nyumba kwa nyumba. Hayo ndiyo yalikuwa maonyesho yake. Hakimu wake alikuwa mama wa nyumba mlangoni na mzee aliyerudi kutoka zamu ya usiku.

Na hakimu huyo hakuwa mwepesi. Alijua alichotaka. Wengi walitaka Mamba Muntu, yule mwanamke nusu samaki akaaye majini, ambaye husemwa ya kuwa huwapa watu mali na kuwadai malipo mazito. Wengine walitaka picha iitwayo Inakale: mtu amekimbilia mti, chini simba amngojea, majini mamba, tawini nyoka, hana pa kwenda. Na wengi walitaka ile iitwayo Colonie belge: mfungwa amelazwa chini, askari amchapa fimbo, mkubwa Mzungu asimama kando akitazama. Wengine walitaka picha ya Lumumba, aliyeuawa katika Katanga tarehe 17 Januari 1961.

Kwa nini mtu aliyechoka na kazi atundike ukutani picha ya mtu anayepigwa? Wenyewe walikuwa na neno moja la kujibu: ukumbusho. Picha nzuri ni ile inayokumbusha. Mgeni akiingia aitazama, auliza, mwenye nyumba aanza kusimulia, watoto wasikia. Hivyo picha ile ilifanya kazi ya kitabu katika nyumba isiyo na vitabu.

Tshibumba na picha 101

Katika wachoraji hao mmoja alipita wenzake kwa fikira. Jina lake Tshibumba Kanda-Matulu, aliyezaliwa Élisabethville mwaka 1947. Alichora na kuuza kama wengine, lakini moyoni alijihesabu kuwa mwandishi wa historia. Mwaka 1973 alikutana na Johannes Fabian, mwalimu wa chuo kikuu cha Lubumbashi. Mwalimu huyo alipoona ya kuwa kijana anataka kuchora historia ya nchi nzima, alikubali kuzinunua kazi zake. Basi Tshibumba akakaa chini kujitayarisha.

Kutoka hapo mpaka mwaka 1974 alileta picha kwa mafungu, nao wakaketi kuzizungumza, kwa Kiswahili hiki hiki cha Katanga, maneno yakinaswa katika mashini ya sauti. Mwisho zilikuwa picha 101: wafalme wa zamani, kuja kwa Wazungu, kazi ya madini, uhuru wa tarehe 30 Juni 1960, vita vya Katanga, na mambo ya siku zake. Alichora pia mauaji ya tarehe 9 Desemba 1941, siku askari walipowapiga risasi wafanyakazi wa Union Minière waliogoma Élisabethville. Mgomo huo uliugusa mji wetu pia, kwa hiyo jambo hilo si la mbali kwetu. Tshibumba hakuwa amezaliwa. Alichora alichosimuliwa na wakubwa.

Hapa twajifunza nini maana ya kutayarisha kazi. Tshibumba hakuanza kwa rangi. Alianza kwa kusikiliza. Aliuliza, alipima, aliyaunganisha aliyosikia, kisha akachukua burashi. Na kwa kuwa alikwisha kuuza milangoni kwa miaka, alijua namna ya kuchora jambo zito hata mtu asiyesoma alielewe kwa kulitazama mara moja.

Je, picha hizo 101 ziko wapi? Ziko Amsterdam, katika Uholanzi, zimetunzwa vizuri katika jumba la makumbusho. Mwaka 1996 zilitolewa katika kitabu kimoja, pamoja na maneno yake yaliyofasiriwa kwa Kiingereza. Mwaka 2017 kazi za Tshibumba zilionyeshwa Athens na Kassel, katika maonyesho yanayojulikana ulimwenguni pote. Yeye mwenyewe habari zake zilikoma karibu na mwaka 1981. Kama Lubaki, alionwa na ulimwengu wakati yeye hayuko tena kuonana nao.

Kuta zikabaki tupu

Picha za mfuko wa unga hazikuondolewa na wageni peke yao. Mambo mawili yaliziondoa kwetu.

La kwanza ni kuanguka kwa kazi. Baada ya mwaka 1990 Gécamines ilidhoofika sana, mishahara ikachelewa miezi kwa miezi, na mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliachishwa katika mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Mtu asiye na unga hanunui picha iliyochorwa juu ya mfuko wa unga. Mchoraji akakosa mlango wa kubisha.

La pili ni chungu zaidi. Mwaka 1992 na 1993 watu wengi wenye asili ya Kasai walifukuzwa Likasi na Kolwezi, majirani ambao wengine walizaliwa hapa na wazazi wao walizaliwa hapa. Walikaa kituoni wakingoja gari la moshi, na wengine walikufa wakingoja au njiani. Mtu anayekimbia huchukua mtoto, chungu na blanketi. Picha huiacha ukutani. Na nyumba ikipata mwenyeji mwingine, picha ya yule aliyefukuzwa haikai.

Wakati huo huo wataalamu walikuwa wakikusanya. Bogumil Jewsiewicki, mwanahistoria, alikusanya picha za namna hii kwa miaka mingi, na mwaka 2013 mkusanyo wake ukaingia katika jumba la Tervuren, karibu na Brussels. Hatuwalaumu waliokusanya. Kama si wao, nyingi zingaliliwa na mchwa. Lakini matokeo ni haya: mtoto wa Panda anayetaka kuona babu yake alitundika nini ukutani, imempasa kwenda Ulaya.

Neno kwa mchoraji wa leo

Leo mambo yameanza tena upande wetu. Tangu mwaka 2008 Lubumbashi ina maonyesho yake, yaliyoanzishwa na vijana wa huko huko wa kundi la Picha, nao wachoraji na wapiga picha wa Katanga hawangoji tena kuonwa kwanza na Ulaya. Kwa hiyo kijana wa Panda anayetayarisha kazi kwa ajili ya maonyesho ana heri kuliko Lubaki. Anaweza kusimama mwenyewe kando ya picha yake na kusema jina lake.

Basi tumwambie nini? Wazee wetu wa pwani walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Kabla picha hazijafungwa kwa safari, aziandike katika daftari: jina la picha, mwaka, ukubwa, na jina la aliyeinunua. Azipige picha kwa simu, na nakala ampe mtu mwingine amtunzie. Kabla ya kuchora aende kwa mzee aliyefanya kazi mitamboni, amsikilize kama Tshibumba alivyosikiliza. Picha ikiwa tayari, amwite mama jirani aitazame. Asipoielewa, asikimbilie kusema ya kuwa mama hana elimu.

Tena, katika kila kazi kumi abakize moja hapa. Si lazima awe na jumba la makumbusho. Shule ina kuta, parokia ina chumba cha mikutano, nasi tunao misumari. Mchoraji atoe picha. Sisi tulio wengi tutoe ulinzi, na mchango wa rangi pia, kwa sababu yeye naye ana watoto wa kulisha. Aliyekwenda kwenye maonyesho arudi na fedha na sifa, na awakute watoto wa Panda wamesimama mbele ya ile moja aliyoiacha, wakiulizana huyu ni nani, na yule alifanya nini.