Sir Richard Turnbull: Gavana Aliyekabidhi Nchi

Julai 1958, Sir Richard Turnbull alipofika Dar es Salaam kushika ugavana wa Tanganyika, Julius Nyerere, kiongozi wa TANU, alikuwa na kesi mahakamani. Gazeti la chama chake, Sauti ya TANU, liliwashutumu mabwana DC (wakuu wa wilaya) wawili, wa Musoma na wa Songea, na serikali ikamshitaki kwa kuwakashifu. Butiama, alikozaliwa Nyerere mwaka 1922, ilikuwa ndani ya Wilaya ya Musoma. Kwa hiyo moja ya mashauri ya kwanza kumkuta gavana mpya lilikuwa na mzizi wake katika Mkoa wa Mara wa leo.

Turnbull hakuwa mgeni wa Afrika Mashariki. Alizaliwa mwaka 1909, akaingia utumishi wa kikoloni nchini Kenya mwaka 1931, na sehemu kubwa ya ujana wake ikaishia katika nyika za kaskazini. Wakati wa hali ya hatari na vita vya Mau Mau alipanda hadi kuwa Katibu Mkuu wa serikali ya Kenya. Huko aliona kwa macho yake gharama ya kutawala watu waliokwisha kukataa kutawaliwa: askari wengi, kambi za wafungwa, na chuki iliyozidi kuota.

Tanganyika aliyorithi ilikuwa imejengwa kwa mkono wa machifu. Tangu miaka ya 1920, Gavana Donald Cameron aliweka utawala kupitia wenyeji, na katika Uzanaki, nchi ya kina Nyerere, mkono huo ulikuwa wa Chifu Nyerere Burito, baba yake Julius. Burito alipofariki mwaka 1942, mwanawe Edward Wanzagi alishika kiti. Ajabu ya mfumo huo ni kwamba nyumba moja ilitoa chifu wa serikali na kiongozi wa upinzani.

Mtangulizi wa Turnbull, Sir Edward Twining, aliyetawala tangu 1949, alitaka Wazungu, Waasia na Waafrika wagawane viti vya Baraza la Kutunga Sheria sawasawa, ingawa Waafrika walikuwa karibu nchi nzima. Mwaka 1957 alimpiga Nyerere marufuku kuhutubia mikutano ya hadhara, kisha akamteua kwenye Baraza hilo. Mteule huyo alijiuzulu kabla mwaka haujaisha.

Kandokando ya Ziwa Victoria siasa hiyo ya kugawana viti kwa rangi ilishindwa waziwazi. Kuanzia Geita na Mwanza hadi Kibara na Musoma, wakulima wa pamba walikuwa wamejifunza kusimama pamoja katika ushirika. Shirikisho la Victoria, lililoanzishwa mwaka 1955 chini ya Paul Bomani, liliwapa sauti hata pale TANU ilipokataliwa kusajili matawi katika sehemu kubwa ya Jimbo la Ziwa. Serikali ilipolazimisha baraza la mchanganyiko wa rangi huko Geita, mwaka 1958 maelfu ya watu waliandamana hadi Mwanza kulipinga. Turnbull akakuta sera ya mtangulizi wake imekataliwa shambani kabla haijakataliwa kwenye sanduku la kura.

Agosti 1958 hakimu alimtia Nyerere hatiani: faini ya shilingi 3,000 au kifungo cha miezi sita. Nyerere alilipa. Gavana naye hakutafuta kisingizio kingine cha kumkamata, alimwita wakazungumza. Oktoba, baada ya wagombea walioungwa mkono na TANU kushinda awamu ya kwanza ya uchaguzi, Turnbull aliliambia Baraza kwamba serikali ijayo itakuwa na Waafrika wengi. Desemba 1959 alitangaza serikali ya madaraka, na katika uchaguzi wa Agosti 1960 TANU ilipata viti 70 kati ya 71. Nyerere akawa Waziri Kiongozi, Mei 1961 Waziri Mkuu, na tarehe 9 Desemba 1961 bendera ya Uingereza ikashushwa. Turnbull alibaki kama Gavana Mkuu hadi nchi ilipokuwa jamhuri, mwaka mmoja kamili baadaye.

Wengi humsifu kwa wema. Sifa hiyo haitoshi. Mwaka 1965 alipelekwa kutawala Aden, kusini mwa Uarabuni, mtu yuleyule mwenye uzoefu uleule, akakuta mabomu mitaani na vyama vinavyopigana vyenyewe kwa vyenyewe. Mwaka 1967 London ilimwondoa kazini. Kilichopungua Aden ni mtu wa kukabidhiwa: chama kimoja chenye mizizi vijijini na kiongozi aliyeweza kuwaambia wafuasi wake wasubiri, nao wakasubiri. Turnbull alifariki mwaka 1998.

Tanganyika, cheo cha gavana kilifutwa, lakini uzito wake haukupotea. Mwaka 1962 wakuu wa mikoa, makada wa chama, walichukua nafasi za wakuu wa majimbo; mwaka uliofuata uchifu ulifutwa kisheria, na kiti cha Wanzagi hakikusalimika. Jumba la gavana likawa Ikulu. Mwaka huohuo wa 1962 Bunge lilipitisha sheria ya kuweka watu kizuizini bila kuwafikisha mahakamani. Nyerere mwenyewe, mwaka 1958, alikuwa amepata angalau hakimu, wakili na hukumu iliyosomwa hadharani. Historia ya ugavana wetu ikiandikwa kwa haki, haiwezi kukomea kwenye usiku wa Desemba 1961; itabidi iulize pia ni mamlaka gani ya gavana tuliyaondoa, na yapi tuliyabadilishia mwenyewe tu.