Gitaa la Flamenko na Kazi Iliyoliumba

Anayetaka kutengenezewa gitaa la flamenko kwa mkono, awe ameagiza kwa fundi wa Granada, Córdoba au Madrid, hukutana mapema na swali la mbao: saiprasi au palo santo? Saiprasi ya Mediterania, yenye rangi ya manjano iliyopauka, hutoa gitaa liitwalo blanca, yaani jeupe. Palo santo, mbao nzito ya kahawia iliyoiva kutoka Brazili na India, ni jamii moja na mpingo wa Tanzania na Msumbiji, nayo hutoa negra, yaani jeusi. Wateja wengi huamini kwamba jeupe ndilo flamenko halisi, na kwamba uhalisi huo umo ndani ya mti wenyewe. Kazi walizoziacha mafundi wa Hispania zinasema vingine. Gitaa la flamenko liliumbwa na mahitaji ya watu waliolipiga, tena katika mahali mahususi pa kazi, na mbao za mgongo na mbavu zilikuwa sehemu ndogo tu ya uamuzi. Kwa hiyo anayeanza na jina la mti anaanza na jambo ambalo mafundi wenyewe hawakulitanguliza.

Ushahidi wa kwanza unatoka kwa Antonio de Torres, aliyezaliwa karibu na Almería mwaka 1817 akafariki 1892, fundi ambaye umbo la gitaa lake ndilo linalofuatwa hadi leo. Yeye hakuwa na rafu moja ya flamenko na nyingine ya muziki wa kumbi. Gitaa lake maarufu la mwaka 1856, liitwalo La Leona, lina mgongo na mbavu za saiprasi, na lilipigwa na Julián Arcas, mmoja wa wapigaji wakubwa wa kumbi za Hispania wa wakati wake. Francisco Tárrega, ambaye wanafunzi wa gitaa la klasiki duniani kote humtaja kama baba yao, alitumia Torres la mwaka 1864 lililotengenezwa kwa mepoli, mti wa Ulaya wenye mbao nyeupe. Kisha kuna lile la mwaka 1862 lililohifadhiwa katika makumbusho ya muziki ya Barcelona: uso wake ni wa sprusi, mbao nyepesi, kama kawaida, lakini mgongo na mbavu ni za karatasi ngumu iliyogandishwa kwa gundi. Torres alitaka kuonyesha kwamba sauti inatoka kwenye ubao wa uso, ule mwembamba wenye tundu, pamoja na mataruma membamba yaliyotandazwa kama pepeo upande wake wa ndani. Hakuna maelezo ya maneno yanayoweza kulishinda gitaa hilo kwa uwazi.

Wapo watakaosema kwamba saiprasi iliingia kwa sababu ya umaskini: wapigaji wa flamenko, wengi wao Wagitano (Waroma) wa Andalusia, hawakuwa na fedha za kununulia mbao zilizovuka bahari kutoka Brazili, wakachukua mti uliokuwa ukiota karibu nao. Hoja hii ina ukweli, na haifai kuitupa. Torres mwenyewe alitengeneza magitaa mengi sahili ya saiprasi kwa wateja wa kipato kidogo. Lakini bei inaeleza kwa nini mti fulani ulipatikana. Haielezi kwa nini uliendelea kupendwa hata wapigaji walipopata fedha, wala haielezi zile sifa nyingine za gitaa hili ambazo hazikuwa na urahisi wowote wa bei. Kuzielewa hizo inabidi tuingie ndani ya café cantante, kumbi za vinywaji na nyimbo zilizostawi katika miji ya Hispania katika nusu ya pili ya karne ya 19. Mwaka 1881 mwimbaji Silverio Franconetti alifungua ukumbi wake mjini Seville, na kumbi za namna hiyo ndizo zilizompa mpigaji wa flamenko ajira ya kudumu. Alikaa kando ya mwimbaji na mchezaji ngoma, visigino vikigonga jukwaa la mbao, makofi yakishika mdundo, wateja wakiongea. Hapakuwa na kipaza sauti. Alihitaji noti inayotoka haraka, inayosikika juu ya visigino, kisha inayokufa mapema ili isiizibe ile inayofuata. Mjini Madrid, fundi José Ramírez wa kwanza alijibu haja hiyo kwa gitaa lenye mwili mpana. Ndugu yake Manuel akaelekea zaidi kwenye mfano wa Torres, na kutoka karakana ya Manuel walitokea Santos Hernández na Domingo Esteso, ambao magitaa yao ya saiprasi bado yanatafutwa. Karakana hiyohiyo ndiyo iliyotoa gitaa la palo santo la mwaka 1912 alilopewa mpigaji wa klasiki Andrés Segovia. Mikono ni ileile. Kilichobadilika ni kazi ya mteja.

Sifa ninazozisema zinaonekana vizuri zaidi kwenye daraja la gitaa, kile kipande kinachoshika nyuzi juu ya uso. Katika gitaa la klasiki, nyuzi hupita juu ya uso kwa milimita 10 hadi 12 hivi zinapokaribia daraja. Katika la flamenko mafundi hulenga milimita 7 au 8. Tofauti hiyo ndogo inatokana na golpe, yaani kile kishindo ambacho mpigaji hukitoa kwa kugonga uso kwa ukucha wa kidole cha pete huku vidole vingine vikiendelea na nyuzi. Nyuzi zikiwa juu mno, kidole husafiri mbali na kishindo huchelewa mdundo. Kwa kuwa ukucha huchimba sprusi, uso hubandikwa golpeador, bamba jembamba la plastiki angavu au jeupe. Magitaa ya zamani yasiyo nalo yanaonyesha makovu chini ya nyuzi. Sasa, urefu wa daraja haurekebishwi kwa kusaga tu mfupa unaobeba nyuzi. Unategemea pembe ya shingo, na katika utaratibu wa Kihispania shingo hufungwa pamoja na mbavu na uso mwili ukiwa bado wazi. Fundi akikosea pembe hapo, gitaa litabaki na nyuzi za juu, au zitakwaruza kwenye freti, hata kama mbao ni za thamani kiasi gani. Ndiyo maana naona ajabu mteja kujadili rangi ya mgongo kwa wiki nzima na kusahau kutaja urefu wa daraja.

Kipingamizi kizito zaidi kinatoka kwenye historia ya baadaye. Mpigaji Ramón Montoya, aliyepiga peke yake jijini Paris mwaka 1936, aliliweka gitaa la flamenko mbele ya hadhira iliyokuja kulisikiliza lenyewe. Mpigaji mwenzake Sabicas alilipeleka kwenye kumbi za Amerika. Kuanzia miaka ya 1960 na 1970 wapigaji wa peke yao walihitaji noti inayodumu zaidi, na negra za Conde Hermanos, wapwa wa Esteso, zikashika nafasi kubwa. Mpigaji Paco de Lucía ndiye aliyezifanya zijulikane kote. Je, hilo halithibitishi kwamba palo santo ina sauti yake? Linathibitisha kwamba kazi ilibadilika na mafundi wakaifuata. Negra nzuri ina daraja la chini, golpeador na uso mwembamba kama blanca. Ondoa hayo, bakiza palo santo, na ulicho nacho ni gitaa la klasiki.

Suala la sauti ya mbao limewahi kupimwa pia: mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lancaster walitangaza matokeo ya jaribio la magitaa sita yaliyofanana kwa kila kitu isipokuwa mbao za mgongo na mbavu, kuanzia palo santo ya Brazili hadi sapeli ya Afrika. Wapigaji 52, wakiwa wamezuiwa wasione vizuri, hawakuweza kuyapambanua kwa uhakika. Itasemwa, na ni haki kusema, kwamba yale yalikuwa magitaa ya nyuzi za chuma. Gitaa la flamenko ni jepesi mno, na mgongo wake mwembamba hutikisika zaidi. Saiprasi ina uzito wa takriban kilo 500 kwa mita ya ujazo, palo santo hupita 800. Nakubali kwamba uzito huo huhisiwa mapajani na pengine masikioni. Lakini uzito na unene ndivyo vinavyofanya kazi hapo, na fundi anaweza kuvipima na kuvirekebisha kwa randa, jambo asiloweza kulifanya kwa sifa ya jina.

Mti una uzito wake pia sokoni na mbele ya sheria. Palo santo ya Brazili iliwekwa mwaka 1992 katika orodha kali zaidi ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, na mwaka 2017 jamii yote ya Dalbergia, mpingo ukiwemo, ikawekwa chini ya vibali. Mwaka 2019 ala zilizokamilika zilisamehewa, isipokuwa zile za palo santo ya Brazili. Baadhi ya mafundi hutumia mpingo kwa mgongo, ila miti yake ni myembamba na iliyopinda, mbao pana hazipatikani kirahisi, na kwa zaidi ya kilo 1,200 kwa mita ya ujazo huzama majini. Saiprasi ya Mediterania haimo katika orodha hizo, na fundi wa Granada anaweza kuituma popote bila kuomba kibali cha CITES.